Mikro ya Kichwa kwa Matanga ya Papa Lambert

Kalemie, tarehe 2 Julai 2024

Mdogo wangu Élysée,

Nakusalimu wewe, mke wako na watoto. Sisi tuko, ziwa liko, na vumbi la kiangazi liko pia, limeingia mpaka kwenye chumvi. Usishtuke kuona karatasi. Salamu nakupigia simu, lakini neno lenye uzito silisemi kwenye uwanja huu wangu, ambako nikikohoa jirani ananipa pole kabla sijamaliza. Papa Camille anavuka kesho kuja kwenu kuchukua bidhaa, atakupa hii mkononi.

Habari ni njema. Unamkumbuka Papa Lambert wa reli, yule aliyefariki mwaka jana? Mtoto wake mkubwa, Jean-Pierre, muuza saruji, ameniita niimbe siku ya kuondoa matanga, tarehe 10 Agosti. Na si kuimba tu. Anataka kuninunulia mikro ya kichwa, ile isiyo na waya, kama ya waimbaji wa televisheni. Amesema wewe uliye kwenye duka la vyombo vya muziki uchague, yeye atamalizana na tajiri wako.

Nimefurahi, siwezi kukudanganya. Kazi yangu unaijua: mkono huu usinga, mkono huu mikro, na Mungu hakunipa wa tatu wa kushika kitenge kikianza kuteremka. Kwenye matanga ya mume wa jirani yangu Mamie nilikibana kwa magoti nikaimba beti zote nikiruka kama kuku aliyefungwa miguu. Watu wakalia kwa kucheka, mbele ya mjane! Kwa hiyo nichagulie vizuri. Natoka jasho sana, nafunga kilemba, nageuza kichwa kila upande, na upepo wa ziwa haujui kwamba kuna msiba.

Jambo moja linanisumbua kidogo. Unajua desturi yetu. Katikati ya matanga naita watoto wa marehemu, kuanzia kifungua mimba mpaka kitinda mimba, na kila mmoja nampa mikro mkononi aseme kwa mdomo wake yeye ni nani na baba yake ni nani. Watu wanajibu, “Tumesikia.” Hapo ndipo amehesabika. Mtoto hasemewi. Sasa mikro ikifungwa kichwani kwangu, watoto watashika nini? Nilimuuliza Jean-Pierre, akacheka. Akasema, “Mama Godelieve, ile njo mambo ya zamani. Sisi batoto tuko bane, bantu bote banatujua. Utaita majina, inatosha.”

Nilikubali, maana mwenye msiba ndiye mwenye neno. Lakini wewe nieleze upande wa mashine. Upande wa watoto nitaufikiria mwenyewe.

Yaya wako,
Godelieve


Kigoma, tarehe 9 Julai 2024

Yaya Godelieve,

Shikamoo. Barua yako, dada yangu, imefika ikinuka mafuta ya boti lakini herufi zote zipo. Nimecheka habari ya kitenge mpaka tajiri wangu akauliza kama nimeuza kitu.

Sasa nisikilize, hapa ndipo ninapokula mkate wangu. Maiki za kichwa ni nyingi na nyingine ni mapambo tu. Kwanza rangi. Nyingi zimetengenezwa kwa ngozi ya watu wengine, kwenye shavu lako itaonekana kama plasta ya kidonda. Nitakutafutia ya kahawia. Pili jasho. Ile punje ndogo mbele ya waya ndiyo sikio lenyewe, na jasho likiingia humo sauti inakuwa ya mtu aliye ndani ya pipa. Iwe ile iliyozibwa vizuri, na uivalishe sponji yake kwa ajili ya upepo. Usiiweke mbele ya midomo, iweke kwenye pembe ya mdomo, nafasi ya vidole viwili, la sivyo kila ukipumua watu watadhani mvua imeanza. Kile kiboksi cha kiunoni kinachorusha sauti usikizungushie vitambaa vingi, kinataka kupumua. Na betri ziwe mpya, si zile za redio yako unazozianika juani.

Kubwa kuliko yote ni namna ya sikio. Kuna sikio la duara, linasikia pande zote. Geuza kichwa unavyotaka, sauti haibadiliki, na mtu akiweka shavu lake karibu na lako naye atasikika. Ubaya wake, ukisimama mbele ya spika linapiga yowe, na ngoma zinaingia zote. Halafu kuna sikio la mbele. Hilo linasikia mdomo uliolielekea, basi. Aliye pembeni anaweza kupiga kelele mpaka mishipa imtoke, kwenye spika hayupo. Kwa shughuli yenye ngoma nyingi mimi huwa natoa sikio la mbele, mteja anaondoka ameridhika.

Lakini kama unataka watoto waseme, chukua la duara. Utamkumbatia kila mmoja, shavu kwa shavu, atasema, tutamsikia mpaka huku Kigoma.

Yaya, nikuulize. Jean-Pierre ninayemjua mimi hakuachii mfuko wa saruji uliochanika bila kukusimulia ulivyotoka kiwandani Kabimba. Ukarimu huu umemshukia lini? Anakuchagulia mashine, au anakuchagulia namna ya kuimba?

Mdogo wako,
Élysée


Kalemie, tarehe 12 Julai 2024

Ndugu Élysée,

Nakuandikia mwenyewe kwa sababu dada yako ni mtu wa moyo, na mimi na wewe ni watu wa kazi.

Nitasema wazi. Kuna msichana wa kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Katanika anayejiita mtoto wa baba yangu. Labda ni kweli, labda si kweli. Baba alifanya kazi kwenye reli maisha yake yote, na reli ina stesheni nyingi. Mimi sijamtukana huyo msichana. Lakini mama yangu, Mama Mado, ana ugonjwa wa moyo, na daktari amekataza mshtuko. Siku ya maziko nilimzuia msichana mlangoni, na siku ya kuondoa matanga hatasema. Sitaki mikro ipite mikononi mwa watu. Sitaki hata isikie wa pembeni. Fundi wangu wa sono, yule wa spika, anasema ziko za namna hiyo na wewe unazijua. Chagua hiyo.

Mwaka huu namaliza ukumbi wangu wa sherehe, na vyombo vyote vya muziki nataka viletwe na mtu mmoja ninayemwamini. Pia nafikiri unajua kwamba wanaomwita dada yako kwenye misiba mingi ya mji huu ni watu wanaonisikiliza. Sipendi apate hasara kwa jambo lisilomhusu.

Usimwambie. Ataingiza kwenye wimbo.

Wako,
Jean-Pierre


Kalemie, tarehe 17 Julai 2024

Mdogo wangu,

Ulinusa vizuri. La kuvunda halina ubani.

Juzi nilikuwa natwanga sombe, yale majani ya muhogo, nikaona msichana amesimama kwenye mlango wa uwanja, hapigi hodi wala haondoki. Nikamwambia aingie, kama anauza auze, kama anaomba aombe. Akaingia, akakaa chini, akasema jina lake ni Éliane na anatoka Katanika. Mama yake alikuwa akiuza mihogo kwenye stesheni ya Nyunzu. Vita vilipowafukuza walikimbilia huku, na mama amekwisha kufa. “Baba yangu njo Papa Lambert,” akasema, kisha akaangalia kinu changu kama vile kitamkatalia.

Ningemfukuza, Élysée. Katika kazi yangu nimeona watoto wa kila namna wakiota kwenye misiba kama uyoga. Lakini sombe iliruka ikanipiga jichoni, nikatukana, naye akacheka. Akacheka akiwa amefunika mdomo kwa nyuma ya mkono, kichwa pembeni. Kama ulimjua Papa Lambert unajua nasema nini. Niliuacha mchi ukaanguka.

Anasema baba yake alikuwa akija kila Jumapili baada ya misa, anakaa kwenye kibao mbele ya hema lao na kumsomesha hesabu. Alipofariki, msichana alitembea mpaka mjini, na mlangoni Jean-Pierre akamwambia arudi alikotoka. Baba yake amezikwa yeye akiwa barabarani. Nilimuuliza anataka nini, kama ni nyumba, kama ni shamba. Akajibu: “Mama, siombi kintu. Nataka niseme jina yake mara moya mbele ya bantu, na bantu baseme tumesikia. Kisha nitanyamaza.”

Sasa naelewa mikro ya kichwa. Mimi nilikuwa nafurahia mikono yangu miwili, kumbe ni mikono ya yule mtoto inayofungwa! Nina hasira mpaka chai hainipiti. Wewe uko mbali, umezoea mji wa watu, labda umesahau. Asiyesema siku ile, kwetu hana baba. Siku atakapoolewa watauliza ni mtoto wa nani, na mji mzima utajibu kwamba haukumsikia. Na siku hiyo hairudi.

Kwa hiyo nitumie sikio la duara. Si lile lingine, la duara. Nitawaita wale wanne, nitawakumbatia shavu kwa shavu kama ulivyosema, hata Jean-Pierre mwenyewe, hataweza kukataa mbele ya watu. Wa tano atakuwa Éliane. Nimeshamfundisha pa kusimama. Usimwambie mtu yeyote, hata mkeo.

Yaya wako,
Godelieve


Kigoma, tarehe 24 Julai 2024

Yaya,

Mzigo huu hapa, Papa Camille ameubeba kama yai. Ni ya kahawia kama nilivyoahidi, na betri nimeweka za akiba. Waya upitishe nyuma ya sikio, chini ya kilemba, ubandike na gundi shingoni usitikisike. Kiboksi kifungwe kiunoni kwa mkanda, si kwa fundo la kitenge. Ukitaka kuijaribu, washa, imba ubeti mmoja, utasikia sauti yako ilivyo safi. Nimekuchagulia mimi mwenyewe, kitu kizuri kabisa, usiwe na wasiwasi.

Kuhusu yale mengine, fikiri tena. Umri umekwenda, na huna kazi nyingine zaidi ya hiyo sauti. Watoto wa watu ni wengi, dada ninaye mmoja.

Mdogo wako,
Élysée


Kalemie, tarehe 12 Agosti 2024

Élysée,

Nitakusimulia yote ili usije ukasema hukujua.

Watu walikuja wengi, turubai halikutosha, wengine walikaa mpaka barabarani. Fundi wa Jean-Pierre alinivalisha mashine yako, akabandika waya shingoni, akafunga kiboksi chini ya kitenge kwa mkanda ambao mpaka leo alama yake iko. Nikaimba. Sauti ilikuwa safi, nakubali. Mama Mado alikaa mbele na nguo yake nyeusi, analia taratibu, na mimi nilikuwa nafikiri: mdogo wangu amenitendea wema.

Nikaita watoto. Jean-Pierre alikuja wa kwanza. Sikujua kwa nini hakusogeza shavu, alisimama mbele yangu kabisa, uso kwa uso, karibu tugongane pua, akasema maneno yake na spika zikayarudisha. Wadogo zake watatu wakafuata mfano wa kaka yao, uso kwa uso. Nilidhani ni aibu ya kunikumbatia na jasho langu. Wao walikuwa wamefundishwa.

Ndipo nikasema, “Bado mmoja.” Éliane akatoka kwa akina mama. Nilimkumbatia kama tulivyopatana, shavu lake kwenye shavu langu. Alisema vizuri, bila kulia: “Miye Éliane, mutoto ya Lambert, wa reli.” Nilisikia kila neno kwenye sikio langu. Kwenye spika hakuna. Ngoma zilikuwa hazijanyamaza kabisa, na ana sauti ndogo kama ya mtu aliyezoea kuishi kwenye hema lenye majirani. Akasema tena. Hakuna. Watu wote waliona msichana ameletwa mbele, amepewa nafasi, na ukimya ndio uliotoka.

Unajua tunasemaje kwa mtoto anayeitwa akanyamaza? Mjomba wa Jean-Pierre alisimama akapaza sauti, “Amejikataa mwenyewe!” Nikapiga kelele, “Amesema! Mimi nimemsikia, amesema!” Hiyo ilisikika mpaka bandarini, kwa sababu ni mdomo wangu. Wakanijibu wanavyopaswa kunijibu, kwamba mtoto hasemewi. Nikataka kuivua mashine nimvalishe yeye, lakini gundi ilishika, kilemba kikashika, na nilipofanikiwa kuing'oa pamoja na nywele zangu fundi alikuwa ameshaizima. Nilipogeuka Éliane hayupo. Watu walikuwa wanampisha kama anayebeba ugonjwa.

Alikuja kwetu bila jina, nami nimemfanya alikatae jina mbele ya mji. Angebaki Katanika angekuwa na nafuu.

Jean-Pierre akaniambia, “Mama, funga sasa.” Wimbo wa kufunga naujua mimi na marehemu mama yetu aliyenifundisha, na huimbwa mara moja tu kwa kila marehemu. Bila huo mjane havui nguo nyeusi, watoto hawanyolewi, na marehemu bado yuko mlangoni. Nikakaa chini kwenye vumbi. Nikasema sauti imekwisha. Walinibembeleza, wakanitukana, chakula kikapoa, watu wakala wamenuna wakaenda. Matanga ya Papa Lambert hayajafungwa mpaka hivi ninavyoandika.

Nilidhani mashine imeharibika. Leo nimeivaa hapa nyumbani kwenye spika ndogo ya kikundi chetu cha waimbaji. Nikatwanga sombe pembeni yake, kimya. Nikamwita jirani apige kelele kwenye shavu langu, kimya. Nikanong'ona kwa mdomo wangu mwenyewe, uwanja mzima ukasikia. Haijaharibika. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikifunga kiunoni kwa mkono wangu.

Niambie alikuahidi nini.

Godelieve


Kigoma, tarehe 18 Agosti 2024

Yaya,

Aliahidi ukumbi wake. Lakini usiamini kwamba niliuza mtoto wa watu kwa sababu ya ukumbi. Aliandika kuhusu wewe, kwamba misiba yote utafungiwa mlango. Nilikaa na zile maiki mbili mezani siku nzima. Nikajiambia nikituma la duara, dada yangu atakula nini? Nikituma la mbele, yule msichana atakuwa vilevile alivyokuwa, bila kupungukiwa na kitu. Hapo ndipo nilipokosea hesabu. Nilifikiri ukimya ni ukimya tu. Nimekaa huku miaka mingi, nimesahau kwamba kwetu kunyamaza mbele ya matanga ni jibu.

Ungeniuliza kwa simu ningeshindwa kukudanganya. Karatasi haina macho.

La duara nimelinunua mimi mwenyewe, Papa Camille analo. Vyombo vya Jean-Pierre nimekataa kuvipeleka. Mtafute huyo msichana, mwambie mjaribu tena. Matanga si bado yako wazi? Basi kuna nafasi. Nakuomba, yaya.

Mdogo wako,
Élysée


Kalemie, tarehe 1 Septemba 2024

Élysée,

Nimepokea. Mashine yako ya pili sijaifungua, inarudi na Papa Camille pamoja na ya kwanza. Hasira yangu juu yako bado iko, lakini leo sina nguvu ya kuishughulikia. Nina jambo kubwa kuliko wewe.

Tangu siku ile hakuna aliyeniita kwenye msiba. Sawa, hilo nililitegemea. Nisilolitegemea ni Mama Mado. Anakuja kila asubuhi, peke yake, anatembea kidogo anapumzika, na moyo wake ule ule ambao Jean-Pierre anasema utapasuka. Siku za kwanza alisema neno moja tu: “Godelieve, nifungie. Nimechoka na hii nguo.” Nilimpa kiti na maji, nikamwambia siwezi. Alikuwa anakaa, anakunywa, anarudi.

Jana akaniuliza, “Ule binti alikuambia nini mu sikio?” Nikaangalia mikono yake, nikaogopa ule ugonjwa. Kisha nikamwambia neno kwa neno, Miye Éliane, mutoto ya Lambert, wa reli. Hakuanguka. Alikunja na kukunjua pindo la nguo yake. Akasema, “Kila Jumapili alikuwa anasema anaenda kutembeza miguu. Viatu vinarudi na udongo mwekundu ya Katanika. Unafikiri nani alikuwa anavisafisha?” Halafu akasema: “Umulete. Aseme mbele yangu. Nikisema miye nimesikia, nani atasema hajasikia?”

Élysée, nililia mbele ya yule mama kama mtoto. Nilikwenda Katanika siku ile ile, na njiani nilikuwa nacheka peke yangu, watu wa pikipiki wakaniona mwehu.

Nilimkuta Éliane mbele ya hema lake anafua. Amenyoa kichwa. Nguo nyeusi ameikunja, iko juu ya jiwe, safi. Nikamweleza yote, maneno yanagongana mdomoni, kwamba Mama Mado mwenyewe anamwita, kwamba atasema na atasikika bila mashine yoyote. Alinisikiliza mpaka mwisho, ananiheshimu yule mtoto. Kisha akasema: “Mama, siendi. Siku ile niliita baba yangu mbele ya bantu bote, mara mbili. Sasa niende nimuombe mara ya tatu? Miye nimeshamaliza kilio yangu.”

Nilimsihi. Nikamwambia habari ya kuolewa, habari ya jina, yote niliyokuandikia. Akajibu kwamba mwanaume atakayemuuliza baba yake ni nani atamjibu yeye mwenyewe. Nikamtisha kidogo pia, Mungu anisamehe. Hakukasirika. Alimaliza kuanika nguo, akaja akakaa chini mbele yangu, kichwa hicho kilichonyolewa, na hapo sauti yake ndiyo ikavunjika. “Kitu moya tu kinanipungukia. Nimenyoa, nimefua, lakini hakuna aliyeniimbia. Niimbie, Mama.”

Nilijua ninachofanya. Usiseme baadaye kwamba dada yako alichanganyikiwa. Nilijua kwamba huimbwa mara moja, nilijua kuna mjane mjini anayesubiri, nilijua nina nafasi ya kukataa. Lakini nilimwangalia, nikaona kwamba huyu mtoto hajapewa kitu chochote na mtu yeyote tangu Jumapili ya mwisho ya baba yake. Nikauimba. Wote, tangu kuita mpaka kufungua mlango na kumwachia marehemu njia yake. Niliimba polepole, kwa sauti ya kuwatosha watu wawili. Majirani wa mahema walitoka wakasimama, hawajui ni msiba wa nani. Alilia mpaka akanyamaza, akaniuliza kama baba ameenda. Nikamwambia ameenda.

Matanga ya Papa Lambert yamefungwa, Élysée. Yalifungwa Katanika, mbele ya mtoto mmoja na kamba ya nguo, na hakuna mtu wa nyumba yake anayejua. Wimbo mwingine sina. Nikijaribu kuwadanganya kwa kuurudia nitakuwa namwita mtu aliyekwisha kwenda zake.

Ningejua Mama Mado ni mtu wa namna hii ningefanya nini? Najiuliza tangu nilipolala. Yeye ndiye peke yake katika ile nyumba aliyefungua mlango, na yeye ndiye nitakayemwacha na nguo nyeusi mpaka kufa kwake. Jean-Pierre ningemwacha nayo nikicheka. Mama Mado, hapana.

Naandika nikiwa ndani, dirisha nimelifunga. Mama Mado amekaa mlangoni pangu tangu asubuhi. Ameleta mkeka mpya wa kumkalisha mgeni, na kila nikikohoa ananiuliza kama mtoto yuko njiani.

Godelieve